Nilivyofika Malaba Nyuma ya Pazia

Mmeniuliza, majirani, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja kisimani, mwingine kanisani nikiwa karibu kuungama, mwingine ametuma mtoto aje aulize kama ni kweli kukhu, nyanya yake Ajiambo, alienda disko. Nimechoka kurudia, na kila nikirudia mnacheka kabla sijafika katikati. Sasa nimeandika mara moja, mpitishiane daftari. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo Ajiambo amenyoosha herufi pale zilipopinda. Maneno ni yangu na hajaruhusiwa kuyagusa.

Haikuwa disko. Ilikuwa konsati ya mchana, uwanjani, na chifu alitaka kila mtu awe ameondoka kabla ya giza. Mambo ya tiketi sitaandika. Zilipatikana.

Ajiambo mnamjua, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Beatrice. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili. Asubuhi anateka maji na simu imefungwa kifuani kwa leso, inaimba. Anaosha sufuria anaimba. Anasugua viatu vyake vyeupe na dawa yangu ya meno, anaimba. Na ni mtu mmoja tu anayeimbwa, kijana fulani anayevaa kofia imegeuzwa nyuma. Jina lake nimeambiwa mara mia na mara mia nimelisahau. Mimi namwita Kofia.

Muhula uliopita hesabu yake ilikuwa D. Nikamwambia, "Ukileta C, na huyo Kofia akija popote karibu, tutaenda. Mimi na wewe." Nilisema hivyo nikijua C haitakuja. Ikaja. Na Kofia akatangazwa kwamba anakuja Malaba.

Nilipomwambia kwamba tunaenda, hakuruka. Alisema, "Sawa, kukhu," akaendelea kuchambua mboga. Aliniitikia vile mtu anavyomwitikia mlevi. Hiyo ilinikata. Lakini nikifikiria, nani alimfundisha kuamini? Mama yake yuko Arabuni kwenye nyumba ya watu, mwaka wa nne sasa, na kila mwaka anasema Desemba nakuja. Baba yake ni dereva wa malori makubwa, alimwahidi kumpeleka Jinja aone daraja. Daraja bado liko, mtoto hajaliona. Kwa hivyo nikaamua, hata kama ni kutambaa, mtoto huyu atamwona mtu wake, na atamwona akiwa na mimi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosema.

Busibwabo mpaka Busia

Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi. Shoo ilikuwa ianze saa nane, na Kofia aimbe saa kumi. Nilifunga viazi vitamu na njugu za kukaanga ndani ya kitambaa, Ajiambo akaniangalia.

"Kukhu, watu hawaendi shoo na viazi."

"Watu hao watakula nini?"

"Wananunua huko."

"Basi wewe nunua. Mimi nina viazi."

Mwenye pikipiki alikuja, kijana wa jirani ambaye nilimwogesha akiwa mdogo, na bado akataka nikae kama mwanamume, miguu huku na huku. Nilimwambia mimi nakaa upande kama nilivyokaa miaka yote. Akasema sheria imebadilika. Nikamwambia magoti hayajabadilika. Tukaenda upande.

Karibu na Mundika mvua ikatushika. Tulijikinga kwenye baraza la duka la mbegu, na mwenye duka, mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona, akatuletea kiti, kisha akaleta karatasi ya plastiki akafunga viatu vyeupe vya Ajiambo, kimoja kimoja, akiwa amechuchumaa. Hakuuliza tunaenda wapi. Alisema tu, "Viatu kama hivi vikiingia matope mtoto hulia wiki nzima." Nilitaka kumwachia njugu akakataa, nikaziacha kwenye mizani yake alipogeuka.

Busia tulifika saa tano na kitu. Pale stendi palikuwa na kelele ya kawaida, na mtu mmoja mwenye fulana ya manjano akanishika mkono. "Mama, Malaba? Malaba gani, ya kwetu ama ya ng'ambo, Uganda?"

Nilimwambia ninataka Malaba yenye konsati. Akasema konsati ziko pande zote mbili. Ajiambo akapauka. Alitoa simu, akatafuta lile tangazo, akasoma, akasoma tena, midomo inatembea. "Ya kwetu," akasema. "Wameandika kando ya shule. Ni ya kwetu." Yule mtu akacheka kwamba alikuwa anatania. Nilimwambia utani wa namna hiyo aufanyie mama yake. Lakini alituweka kwenye gari zuri, lile dogo la nyuma ndefu, na akaniachia kiti cha mbele, kwa hivyo nimemsamehe.

Mpaka pale barabara ilipoziba

Kupita Alupe kidogo, dereva akapunguza mwendo, halafu akasimama, halafu akazima. Mbele yetu malori, na mbele ya hayo malori mengine, mpaka barabara inapokunja na hata baada ya hapo. Lori moja lilikuwa limeteleza kwenye mvua likalala kukingama barabara. Mengine yote yaliyoelekezwa Malaba kutoka Busia siku hiyo yalikuwa nyuma yake, kimya. Madereva walishatoa masufuria na wanapika chini ya trela. Ukiona dereva anaweka maharagwe motoni, jua hana habari za kuondoka leo.

Tulingoja saa nzima. Kisha gari letu likaanza kutoa moshi mbele, na dereva akasema anarudi Busia kabla injini haijachemka kabisa, mwenye kutaka kurudi arudi naye. Wengine walirudi. Mimi nilishuka na viazi vyangu.

"Kukhu, tunaenda wapi?" Ajiambo akauliza.

"Malaba iko mbele. Twende mbele."

Tulitembea kando ya malori. Pikipiki zilizopita zilikuwa na vijana watatu watatu, wote wa konsati, hakuna aliyesimama. Miguu yangu mnaijua. Baada ya kona ya pili nilisimama, na mama mmoja wa Kiteso aliyekuwa anauza mahindi ya kuchemsha kando ya barabara akaniita kabla sijaomba.

"Mama, njoo ukae. Hiyo barabara haikimbii leo."

Alinipa kigoda chake, yeye akakalia ndoo. Mahindi yake yalikuwa laini, ya msimu, yamechemshwa na chumvi kidogo. Nikampa viazi, akanipa mahindi, tukawa tumeshajuana. Ajiambo alikuwa amesimama anaangalia simu. Saa saba unusu.

"Kukhu," akasema, "tukirudi sasa, tutafika nyumbani mapema nikafue."

"Nani amesema tunarudi?"

"Haina shida, kukhu. Nitaona video."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema tu haina shida, kwa sauti ileile ya siku ya mboga.

Hapo ndipo askari alipokuja na pikipiki, akaanza kupitisha malori matupu. Njia ya kando ya lile lori lililolala ilikuwa imepatikana, lakini ni laini, yenye mzigo yangezama. Matupu yalianza kusogea kutoka nyuma, moja baada ya jingine, pole pole kama ng'ombe wanaenda kwenye maji. Mimi nasoma kwa taabu, lakini herufi kubwa nasoma. Likaja lori la kichwa cha buluu, na kwenye kioo cha mbele, juu, kumebandikwa herufi nyeupe. B. E. A. Nilizisoma zote mpaka mwisho. BEATRICE.

"Ni baba!" Ajiambo alikuwa tayari anakimbia.

Wale mlioolewa hapa kutoka mbali, na mwalimu wetu wa kwaya ambaye ni mtu wa Machakos, nawaeleza. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Akija njia hii, mimi napita ile. Mkono hatupeani. Chakula hatuli pamoja. Jina lake silitamki mbele yake wala yeye haniiti. Na kitanda chake, hapana, hata kukigusa. Iko siku ya kufungua hayo, wazee wanakaa, blanketi linaletwa, mkono unapeanwa. Lakini siku hiyo inataka Beatrice awepo, na Beatrice yuko Arabuni. Kwa hivyo Wandera, mkwe wangu kwa miaka kumi na saba, nilikuwa namjua kwa mgongo tu, na kwa kikohozi chake upande wa pili wa ua.

Nikageuka haraka nikatazama sufuria ya mahindi. Nikavuta leso mpaka usoni.

Mama wa mahindi akainama. "Unaogopa askari?"

"Ni mkwe."

"Aa." Hata yeye kwao wanajua hayo. Alinyoosha mkono akachukua mwavuli wake mkubwa, akaufungua, akauweka katikati yangu na barabara, kisha akaendelea kugeuza mahindi kama hakuna kilichotokea.

Ajiambo akarudi anahema. "Kukhu, baba anaenda Malaba kupakia. Anasema twende naye. Anasema haraka, askari hataki asimame."

"Mwambie asante. Mwambie akuchukue wewe. Mimi nitarudi nyumbani pole pole."

Hakwenda kumwambia. Alisimama hapo kando ya mwavuli, viatu vimefungwa plastiki. "Ulisema mimi na wewe."

"Sasa si unaona?"

"Naona. Basi turudi wote, kukhu. Haina shida."

Mara ya pili hiyo haina shida. Nyuma ya lori la mkwe wangu mengine yalishaanza kupiga honi, na askari anapunga mkono kama anafukuza nzi. Niliinuka kwenye kile kigoda.

Nikauliza, "Hilo gari, nyuma ya viti kuna nini?"

"Kuna pazia."

"Zito?"

"Zito, kukhu. Huoni kitu."

"Mwambie baba yako ashuke aende mbele ya gari, aangalie Malaba. Asigeuke mpaka umwambie."

Nyuma ya pazia

Wandera alishuka akasimama mbele ya lori lake kama mtu anayesubiri kupigwa picha, ametazama Malaba. Mlango wa lori uko juu kama dari. Mama wa mahindi alinisukuma kutoka chini, na dereva wa lori la nyuma, mzee mmoja Mkamba aliyekuwa anapiga honi kuliko wote, akaja kuona kwa nini hatuendi. Alipoelezwa aliacha honi yake, akanishika kiwiko kwa heshima akaniinua kama gunia la mbolea. "Taratibu, mama. Mimi pia nina mkwe," akasema. Nikaingia nyuma ya pazia, Ajiambo akakaa mbele, mlango ukafungwa. Nikamsikia Wandera anapanda, anakohoa kile kikohozi. Tukaondoka.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya sabuni ya kipande na dizeli. Nilikuwa nimekaa mahali laini. Nikashukuru Mungu, nikanyoosha mkono nijishikilie, mkono ukashika mto. Nikapapasa. Shuka. Blanketi limekunjwa miguuni.

Nilikuwa nimekalia kitanda cha mkwe wangu.

Msicheke. Mimi mtu wa kukemea wengine, niliyemwambia mke wa Ouma mbele ya watu kwamba hana adabu za ukwe kwa sababu alimpa mkwe wake maji mkononi.

"Ajiambo," nikasema, "mwambie baba yako asimamishe gari."

"Baba anasema tuko kwenye ile njia laini, akisimama tutazama."

"Mwambie nimekalia kitanda."

Gari likayumba, nikashika ukuta.

"Baba anasema hapo si kitanda. Anasema ni stoo."

"Kuna mto hapa."

"Anasema huo ni wa kuzuia jeki isigonge."

Nilichukua ule mto. Ulikuwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na macho yangu yalikuwa yameanza kuzoea lile giza. Foronya yake ilikuwa imefumwa kwa sindano, pembeni kuna maua yenye petali sita, na petali moja ndefu kuliko zingine. Kosa hilo ni langu. Nilimfundisha Beatrice kufuma nikiwa sijui kuhesabu mishono, akalirithi.

"Mwambie baba yako jeki yake inalalia mto wa binti yangu."

Ajiambo alimwambia. Jibu lilirudi pole pole, mtoto akilitoa kwa vipande.

"Anasema ni kweli. Ni wa mama. Anasema mama alipoenda yeye aliufunga kwenye plastiki, usishike dizeli. Anasema yeye hulalia koti."

Koti lilikuwepo, limekunjwa mahali pa kichwa.

Nitasema ukweli kwa kuwa mmeniuliza ukweli. Kuhusu madereva tunasema mengi hapa kwetu, kwamba wana mke kila mji wenye mizani ya malori. Mimi nimeyasema zaidi ya wote. Nikiwa pale nyuma nilitafuta. Mikono yangu ilitafuta kitambaa cha mwanamke, pini, kopo la mafuta ya nywele. Nilipata sabuni, sufuria, Biblia isiyo na jalada, na viatu vya shule vya Ajiambo vya zamani, vile vya darasa la tano tulivyosema vimeibwa. Kumbe baba yake alikuwa amevichukua vishonwe, mtoto akakua kabla havijarudi.

Sikusema kitu kuhusu viatu. Nilikunja godoro lote mpaka ubao ukaonekana, nikakaa kwenye ubao. Ubao si kitanda.

"Mwambie baba yako," nikasema, "hesabu imekuwa C."

"Kukhu, anajua. Nilimpigia."

"Mwambie hata hivyo."

Akamwambia. Nikasikia Wandera anacheka kidogo puani. "Anasema asante kwa kunisimamia."

"Mwambie si mimi, ni fimbo."

"Kukhu, hujanipiga."

"Mwambie."

Tulifika hivyo, mtoto katikati akibeba maneno huku na huku kama anateka maji. Mpaka Amagoro Wandera aliuliza afya ya goti langu, na mimi niliuliza kama anakula mboga, na kila jibu lilipita kwanza mdomoni mwa Ajiambo. Mara nyingine alikuwa anaongeza yake. Nilimsikia akisema, "Kukhu anasema tukifika utununulie soda," na mimi sikusema.

Uwanjani

Alituacha kwenye kona kabla ya uwanja, akaenda tena mbele ya gari kuangalia upande wa Uganda mpaka niliposhuka. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Muziki ulikuwa unatoka kwenye maspika makubwa kama kabati, na unauhisi tumboni kabla ya masikioni.

Langoni kijana mwenye fulana nyeusi akashika kitambaa changu. "Mama, chakula hakiingii."

"Wewe umekula?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Jana jioni."

"Basi chakula kimefika kilikokuwa kinaenda." Nikamfungulia. Alikula viazi vitatu amesimama, na wenzake wawili wakamalizia. Kisha akatupeleka mwenyewe kwa mkono mpaka mbele, kando ya kamba, akawaambia vijana waliokuwa pale, "Mpisheni shosho." Wakanipisha. Msichana mmoja mwenye nywele za buluu akanipa kreti ya soda niikalie. Nilikuja nikidhani nitawakuta watoto wasio na adabu. Nywele zilikuwa za buluu, adabu ilikuwepo.

Kulikuwa na mtu na kipaza sauti, kazi yake ni kupiga kelele. Akasema, "Malaba mko wapi?" Nikamjibu tuko hapa. Wengine walikuwa wameshajibu na kunyamaza, wakacheka, naye akanisalimia kutoka juu. Halafu akasema, "Malaba, pigeni nduru!"

Nilisimama kwenye kreti yangu. Kwetu nduru hupigwa mwizi akionekana au mtu akifa. Watu elfu wakapiga nduru kwa pamoja. Nilitafuta ni nani, yuko wapi, nikamshika Ajiambo begani, "Nani amekufa?"

Ajiambo alikuwa anacheka mpaka ameshika magoti. "Hakuna, kukhu. Ni furaha."

"Mwambie huyo mtu atafute neno lingine."

Saa kumi ikapita. Saa kumi na nusu. Waliimba watu wengine ambao hatukuja kwa ajili yao. Minong'ono ikaanza kwamba Kofia amekwama barabarani kwenye malori, kwamba haji tena, kwamba jua likizama chifu atafunga. Nilimwangalia Ajiambo. Alikuwa ameanza kukunja ile karatasi ya plastiki ya viatu, anaikunja ndogo, ndogo zaidi. Nilijua neno linalokuja.

"Haina—" akaanza.

"Usiniambie haina shida," nikasema. "Ina shida. Kama haji, sema inauma."

Aliniangalia. "Inauma, kukhu."

"Sawa. Sasa tungoje."

Saa kumi na moja, pikipiki ikaingia kwa lango la nyuma. Nyuma ya mwenye pikipiki kulikuwa na kijana amelowa matope mpaka kiunoni, kofia imegeuzwa. Alikuwa ameacha gari lake kwenye foleni ileile yetu. Alipanda jukwaani na matope yake, akasema tu, "Samahani, Malaba. Malori." Na kila mtu pale ni mtu wa malori, ni wake wa madereva, watoto wa madereva, wauza chai wa madereva. Hata mimi nilicheka.

Ajiambo akanigeukia kabla hajafungua mdomo. Alikuwa anangoja ruhusa. Mtoto wangu huyu, nimemfunga mdomo mara ngapi asipige kelele nyumbani.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga nduru. Sijawahi kusikia sauti hiyo ikitoka kwa mtoto yule. Alipiga nduru na akaimba nyimbo zote tano kutoka neno la kwanza, mikono juu, viatu vyeupe vinaruka kwenye matope na hana habari navyo. Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa sufuria, wa kila asubuhi. Nilijikuta naujua wote, maana umeimbwa mwaka mzima karibu na sikio langu. Bado naona ni kelele. Lakini ni kelele iliyopangwa vizuri, na yule kijana ana mama aliyemlea, inaonekana, kwa sababu alishukuru waliopika na waliofagia uwanja kabla hajashuka.

Langoni

Tulitoka jua likiwa bado lipo, la manjano, juu ya paa za mabati. Nilikuwa na wasiwasi wa kurudi. Lakini nje ya lango, mbele ya kibanda cha chapati, nikaona ule mgongo ninaoujua.

Alikuwa ametazama ukuta wa kibanda. Zamu yake ya kupakia ilikuwa kesho, kwa hivyo alirudi kwa miguu kutungoja. Mwenye kibanda ndiye aliyetueleza: "Huyu mzee amepanga na gari la mwalimu mmoja, linarudi Busia kwa barabara ya juu, ile haijaziba. Liko pale. Viti viwili." Na juu ya benchi, mbali na alipokuwa amesimama, kulikuwa na chapati mbili za mayai zimekunjwa kwenye karatasi, na soda mbili. Yake hakuwa nayo. Hakutaka ionekane kwamba tunakula pamoja.

Nilisimama. Nilimpa mgongo wangu pia, ndiyo adabu. Kati yetu Ajiambo.

"Mwambie baba yako asante," nikasema.

Ajiambo akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, akashika koo. Sauti yote ilikuwa imebaki uwanjani.

Wandera alingoja. Hakujua, maana alitazama ukuta. "Ajiambo," akasema, "kukhu ametoka salama? Umemwona mtu wako?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa. Baba yake hakuona. Akapunga mikono. Hakuona. Akanitazama mimi, macho makubwa, amechafuka uso kwa jasho na furaha, na hana neno hata moja la kubeba.

Honi ya gari la mwalimu ikalia. Wandera akauliza tena, safari hii sauti ikiwa chini, "Ajiambo? Hamkumwahi?"

Nilisikia vile alivyouliza. Yeye pia alikuwa anangoja kuambiwa kwamba imeshindikana.

Basi nikaacha kumngojea mtoto. Kitanda nilikuwa nimeshakikalia, na kwa wazee nitaenda mwenyewe, watanitoza wanachotaka. Sikugeuka. Nilisema nikitazama barabara.

"Wandera. Tulimwahi. Amemwona, ameimba mpaka sauti imeisha."

Nyuma yangu mwenye kibanda aliacha kukanda. Kisha kile kikohozi.

"Asante, mama," akasema.

Nikachukua chapati zetu, nikamshika Ajiambo mkono, tukaenda kwenye gari.